Anaimbwa Nani? Neno na Ngurumo katika Uhakiki wa Roki Nzito

Wanafunzi wa fasihi tuna tabia moja ambayo naona sasa imekuwa ugonjwa. Tukipewa wimbo, kitu cha kwanza tunachofanya ni kuunyamazisha. Tunaandika maneno yake ubaoni, ubeti kwa ubeti, tunahesabu mizani, tunasaka tamathali, kisha tunachora mstari katikati ya ukurasa: huku fani, huku maudhui. Tukifika hapo wimbo umekwisha kufa zamani na sisi bado tunaupasua. Ngoma yake haimo, sauti ya mwimbaji haimo, jasho halimo. Halafu tunatoka nje tunasema tumeuhakiki.

Kwa nyimbo nyingi tunazosomeshwa, njia hii haileti hasara kubwa. Taarabu, kwa mfano, hata ukiiweka kwenye karatasi kavu bado itamchoma aliyekusudiwa. Lakini muhula uliopita ulizuka ubishi kati yetu kuhusu roki nzito, ule muziki ambao wapenzi wake huuita metali, wenye magitaa yanayounguruma na mwimbaji anayekoroma kama mtu aliyekabwa koo. Upande mmoja ulishikilia kwamba mashairi katika muziki huo hayana kazi yoyote: hayasikiki, na yakisikika ni ya kitoto, mashetani na mafuvu, kwa hiyo bendi ihukumiwe kwa gitaa na ngoma, basi. Upande wa pili ukajibu kwamba kama maneno hayasikiki hiyo si fasihi, wapelekewe watu wa idara ya muziki, sisi tuna kazi nyingine. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba pande zote mbili zinaliona neno kama mzigo, na zinabishana tu kama mzigo huo umefika au haukufika. Mimi naona neno lina kazi tofauti kabisa katika muziki wa kelele, na kazi hiyo nimeijua zaidi uwanjani Bariadi kuliko darasani.

Tuanze na hoja ya wale wanaosema sauti inatosha, maana ndiyo yenye nguvu, na tusiidharau. Bendi ambayo wengi huitaja kuwa chimbuko la muziki huu ni Black Sabbath, iliyoanzishwa mwaka 1968 huko Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, akiwa na miaka 17 alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha vyuma alikokuwa kibarua. Vidole hivyo ni vya mkono wa kulia, na bwana huyu anapiga kwa shoto, kwa hiyo ndivyo hasa vidole vya kubania nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi laini, na baadaye akawa anazilegeza ili zisimsumbue. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito; albamu yao ya Master of Reality ya mwaka 1971 ndiyo inayotajwa sana kwa uzito huo. Sasa tazama. Uzito ambao bendi za dunia nzima zinauiga mpaka leo, sehemu ya chanzo chake ni ajali ya kazini. Kabla Ozzy Osbourne (aliyefariki Julai 2025) hajafungua kinywa, gitaa limekwisha kusema habari ya kiwanda na ya mwili wa mfanyakazi, na hakuna ubeti ulioandikwa. Anayekuambia kwamba maudhui ya muziki huu yamo ndani ya sauti ana ushahidi, tena ushahidi wa vidole.

Sisi Wasukuma, kwa kweli, hatukuhitaji kuambiwa hayo na watu wa Birmingham. Bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, imetoka shambani, katika kulima kwa pamoja. Mapigo yake ni ya mkono unaoinuka na kushuka, na hata mtu asiyejua neno moja la Kisukuma akiitazama anajua kwamba hii ni habari ya kazi.

Lakini chukua bendi ile ile ya Sabbath, wimbo wa “War Pigs” unaofungua albamu ya Paranoid (1970). Mashairi ya bendi hii kwa sehemu kubwa aliyaandika mpiga besi, Geezer Butler, na wimbo huu unawashutumu wakubwa wanaopeleka vijana wa watu vitani huku wao wenyewe wamekaa salama. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea. Sikiliza jinsi beti zake zilivyopangwa. Gitaa linapiga, linakatika. Sauti ya mwimbaji inapita peke yake, ikisindikizwa na matoazi tu. Kisha gitaa tena, na kukatika tena. Bendi iliyojengwa juu ya kelele inajizuia kwa makusudi ili neno lipate njia ya kupita. Hapo ndipo wenzangu wa “sauti inatosha” wanaponipoteza. Kama neno halina kazi, mbona bendi nzima inalinyamazia? Hao si washairi wa chuo wanaoona haya kuacha neno nje. Ni vijana wa viwandani waliojua kabisa kwamba mvumo wa gitaa unaweza kukuambia kuna hasira, ila hauwezi kukuambia hasira ni ya nani na inamwendea nani.

Wahakiki wetu walikwisha kuligusa jambo hili kwa sura nyingine. Wapo waliofananisha maudhui na chai na fani na kikombe chake. Senkoro katika Fasihi (1982) akapendelea kuviona kama pande mbili za sarafu moja. Nyuma zaidi, mwaka 1954, Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi alilifunga shairi na wimbo kiasi kwamba lisiloimbika lilikuwa na mashaka mbele yake. Na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 ukazuka ule ugomvi wa vina na mizani ambao sote tumeukariri kwa ajili ya mtihani. Ugomvi huo wote, hata hivyo, ulihusu shairi ambalo ama linasikika ama linasomeka. Roki nzito inatuletea kitu cha tatu: maneno yapo, mtunzi ameyatolea jasho, pengine yamechapwa kwenye karatasi ndani ya albamu, lakini katika wimbo wenyewe sikio haliyapati. Ni sarafu ambayo upande mmoja umesuguliwa mpaka maandishi yakafutika. Je, bado ni sarafu? Dukani ukiitoa itapokelewa?

Mfano wa karibu nasi ni Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao yenye jina hilo hilo ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. (Msomaji asinicheke. Kwa Kiganda jina hilo huelezwa kuwa ni hamu ya ghafla ya kucheza, isiyozuilika. Kwa Kiswahili sote tunajua ni hamu ya nini. Anayesema maneno hayana uzito katika muziki ajaribu kulitamka jina hilo mbele ya mama mkwe.) Hata jina la kundi lina fumbo la lugha mbili: wenyewe wamelieleza kuwa ni giza, kwa lugha ya Kikikuyu, lakini Mswahili akiliona anamwona yule mnyama wa madoa mwenye mbio kuliko wote. Na muziki wenyewe una yote mawili, giza na mbio. Mapigo ya mashine yanakwenda kasi hadi yanaungana kuwa mvumo mmoja, gitaa linasaga chini yake, na juu ya yote hayo Khanja anapiga mayowe. Kuna wimbo mmoja unaitwa “Pembe 666”. Pembe ni neno letu, na tarakimu hiyo kila aliyefungua Kitabu cha Ufunuo anaijua. Zaidi ya hapo, kwa masikio matupu, mimi sipati kitu. Nimeusikiliza kwa spika za masikioni, nimeusikiliza kwa spika kubwa, nimeusikiliza usiku watu wamelala. Sipati.

Tusidanganyane, Bariadi si mji wa roki. Siku ya mnada utasikia bongo fleva, singeli, kwaya, na waimbaji wa Kisukuma wa siku hizi wenye vinanda vyao na spika zinazotikisa meza ya muuza vitenge. Roki nzito imefika kwetu ndani ya simu za vijana wachache, na ndivyo ilivyofika kwangu. Likizo iliyopita nilimsikilizisha mjomba wangu huyo Duma. Mjomba ni mtu wa ngoma, ujana wake wote aliumalizia upande wa Bagika. Nilitegemea aniambie nizime. Akasikiliza wimbo mpaka mwisho, kwa utulivu kabisa, halafu akauliza:

“Huyu anamwimba nani?”

Nikamwambia, mjomba, maneno yenyewe hayasikiki.

“Sikukuuliza anasema nini, mwanangu. Nimeuliza anamwimba nani. Na wale wa upande wa pili wako wapi?”

Kwa msomaji asiyetoka kwetu inabidi nieleze swali hili limetoka wapi. Usukumani kuna jamii mbili kubwa za ngoma za mashindano, Bagika na Bagalu. Masimulizi huzirudisha kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi, wakaamua ngoma ndiyo iamue. Mashindano huwa baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, watu wakiwa na nafasi na, kama pamba imelipa, wakiwa na senti mbili tatu mfukoni. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Hakuna jopo la waamuzi, hakuna alama juu ya mia. Aliyevuta watu wengi ndiye aliyeshinda. Ukiona uwanja umelalia upande mmoja kama mtumbwi uliopakiwa vibaya, shauri limekwisha. Ndiyo sababu kila upande hutafuta dawa ya mvuto, na kila upande huja na kituko chake cha kuwashangaza watu, nyoka, sanamu za mbao, hata mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement aliyafungulia mlango mashindano haya katika sikukuu ya Bulabo, inayoandamana na sikukuu ya Ekaristi, na huko watalii wanayaona. Lakini utamu wenyewe uko vijijini.

Sasa katika kelele hiyo, ngoma za pande mbili zikipigwa kwa kukomoana, maneno yanasikika? Aliyesimama nyuma hasikii kila neno, aseme kweli. Anasikia kiitikio. Anasikia jina: jina la kijiji, jina la mpinzani, jina la ningi wa upande wa pili anayeambiwa dawa yake imechacha. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, analijua hilo vizuri sana. Katika ngoma nilizoziona mimi, jina huwekwa pale ambapo ngoma zinapungua kidogo, kisha linapokwisha kusikika ngoma zinaangukia juu yake kwa uzito wote. (Rudi kwa Sabbath na ule ukimya wa gitaa lao, uone.) Mengine yote, methali, majigambo, mafumbo ya wazee, wanayapata walio karibu, au waliokwisha kuufunzwa wimbo kabla. Kwa hiyo kitu ambacho neno linakibeba katika mazingira hayo ni mwelekeo. Nguvu ile yote ya ngozi na miguu inaelekezwa kwa fulani. Na huyo fulani anayo nafasi ya kujibu, palepale, mbele ya watu wale wale, kwa ngoma yake. Mjomba aliponiuliza habari ya upande wa pili hakuwa anatania. Kwake yeye, mayowe yasiyo na wa kuyapokea wala wa kuyajibu ni ngoma nusu.

Hiki ndicho kipimo ninachokileta kwa roki nzito. Muziki huu kwanza ni nguvu. Nguvu lazima iende mahali, na neno ndilo linalotuonyesha inakwenda wapi. Kwa hiyo tunapojiuliza kama mashairi yahesabiwe katika kuihukumu bendi, tuache kuuliza kama yangependeza ubaoni, na tuache pia kuuliza kama yana ujumbe wa kuielimisha jamii (ujumbe huo tumeusaka mno mpaka maskini umejificha). Tuulize kelele hii imeelekezwa kwa nani, halafu tuulize kama muziki wenyewe unafika huko au unaishia njiani.

Bendi nyingi zinaanguka kwenye swali la kwanza tu. Cannibal Corpse wa Marekani ni mafundi, mpiga ngoma wao si mchezo, lakini mashairi yao ya kuchinjana, ambayo bila karatasi ya ndani ya albamu huyapati, hayamgusi mtu yeyote aliye hai. Ni sawa na kumsikiliza mtu mwenye sauti nzuri akigombana na ukuta. Nawapa alama za ufundi, nyingine nabaki nazo.

Mtu atasema: mbona Wazungu wanaicheza singeli bila kujua Kiswahili na wanaipenda? Ni kweli. Kampuni ile ile iliyotoa Duma ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam, na tangu hapo vijana wetu wamepanda majukwaa ya Ulaya mbele ya watu wasiojua hata “mambo”. Wanachokisikia ni kasi, na kasi ile ni ya haki yao kuipenda. Jay Mitta akiiita albamu yake Tatizo Pesa, mchezaji wa Berlin hana habari kwamba jina peke yake limekwisha kumtaja adui. Wao wanasikia injini, sisi tunaona na gari linakokwenda. Na tusijione wajanja, maana sisi nasi tukisikiliza metali ya Kiingereza kwenye simu, Bariadi au Dar, tuko katika hali ile ile ya mtu wa Berlin. Anayeisikia nusu anaweza kusema kwa haki kwamba ngoma imempeleka. Kusema imempeleka wapi hawezi.

Iko hatari ya upande mwingine, ya kushika neno na kuitupa ngoma, na watu wa serikali ndio mabingwa wake. Mwaka 1985 huko Marekani kikundi cha wake wa wakubwa kiliibana tasnia ya muziki mpaka likaitwa shauri mbele ya Seneti, na mojawapo ya nyimbo zilizolaumiwa ilikuwa “Under the Blade” ya Twisted Sister, iliyosemwa kuwa ni ya mambo ya kuteswa kitandani. Mwimbaji wao, Dee Snider, nywele zake zikiwa hadi mabegani, akaja mwenyewe kuwaambia maseneta kwamba wimbo ulihusu hofu ya mwenzao wa bendi aliyekuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji wa koo. Kwetu, Novemba 2018, BASATA liliufungia wimbo wa “Mwanza” wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya mchezo waliouchezea jina la mtaa wa Nyegezi. Sitetei mzaha ule, ulikuwa wa kitoto. Ninachosema ni kwamba kalamu iliyoufungia iliuhakiki kwa namna ile ile tunayofundishwa sisi: neno lilitolewa nje ya mapigo, likawekwa mezani peke yake, likapimwa. Kama ni hivyo mtihani wetu wa fasihi simulizi unawaandaa watu wa kufungia nyimbo, si wa kuzisikiliza.

Lakini nisije nikaonekana nasema maneno ni mchezo. Katika eneo letu hili liko shauri moja ambalo kila mhakiki wa nyimbo anapaswa kulijua, nalo lilisikilizwa Arusha, si mbali sana na Simiyu kwa basi. Simon Bikindi alikuwa mwimbaji na mtunzi maarufu wa Rwanda, mwenye kundi lake la ngoma, na nyimbo zake zilipigwa na redio ya RTLM katika kipindi cha mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ililazimika kufanya kazi yetu: kukaa na nyimbo, kuita wataalamu wa lugha, kubishana juu ya methali na mafumbo ya Kinyarwanda. Hukumu ilitolewa Desemba 2008. Majaji waliona kwamba nyimbo zilitumika kueneza chuki, na kwamba baadhi yake alizitunga kwa nia ya kuchochea chuki hiyo. Lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga ili watu wauawe, wala kwamba yeye ndiye aliyehusika na kupigwa kwake redioni mwaka ule. Kilichomfunga miaka 15 ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari, barabarani, mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu waue.

Nimeirudia hukumu hiyo mara nyingi kwa sababu inatenganisha kwa makini mambo ambayo sisi tunayachanganya. Neno lilikuwa moja, chuki ilikuwa moja. Lakini majaji waliuliza lilisemwa kwa nani, wakati gani, kwa chombo gani, na anayesikia angefanya nini. Hawakuuliza dhamira ni ipi wakaishia hapo. Na muziki wenyewe, watu waliupenda. Hilo ndilo linalonitisha. Mahadhi mazuri yalilibeba neno lile mbali kuliko ambavyo hotuba ingelibeba. Mtu anayeniambia kwamba yeye katika bendi anasikiliza gitaa tu, maneno hayamhusu, namwomba afikirie hapo. Na kama Rwanda ni mbali, afikirie kwetu, ambako kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Weka jina la bibi kizee wa jirani katika kiitikio kitamu, ngoma ikubali, uwanja ulalie upande wako. Umeshinda mashindano. Na bibi je? Yeye hana ngoma ya kujibia.

Hapa ndipo swali la mjomba la upande wa pili linapokuwa zito kuliko lilivyoonekana. Kumwimba ningi mwenzako ni mashindano, kwa sababu anajibu. Kumwimba asiyeweza kujibu ni kitu kingine, hata kama mapigo ni yale yale. Bendi ya kelele inastahili kuulizwa hilo zaidi ya mpiga gitaa mpole wa bustanini, maana kelele kwa asili yake inamziba mwingine mdomo.

Turudi kwa Duma tuwahukumu, maana uhakiki usiohukumu ni utambulisho tu. Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa kampuni aliyoianzisha, Haekalu. Safari hii ameifunga kazi yake na vita vya Mau Mau na kumbukumbu ya Field Marshal Muthoni wa Kirima, mtu wa ukoo wake, aliyefariki Septemba 2023. Mama yule aliyekaa na nywele zake za msituni mpaka zilipokatwa mwaka 2022. Mayowe ni yale yale. Koo ni lile lile. Lakini ukishajua, mayowe yale yana pa kwenda: kuna mkoloni, kuna msitu, kuna ahadi ambazo wapiganaji walisema hazikutimizwa baada ya uhuru. Utasema hayo yako kwenye maelezo ya albamu, hayako kwenye wimbo. Nami nakubali kwa nusu. Katika ngoma za kwetu pia, aliye nyuma anaelezwa na aliye mbele ni nani anayeimbwa; habari hiyo haitoki ndani ya ngoma, ila ikishamfikia inabadilisha ngoma nzima. Nusu ya pili nawanyima, kwa sababu kumbukumbu ya mashujaa haiwezi kutumika kama cheti cha kupitishia kila kitu. The Adept ina washirika wengi, kila mmoja kaja na mapigo yake, na mara kadhaa naona nguvu inatawanyika ikiwa njiani. Kama muziki mtupu, Duma ya mwaka 2020 imeshikana zaidi, inakaba zaidi. Pamoja na hayo naiweka The Adept juu. Najua mpangilio huu utawaudhi wapenzi wa gitaa.

Mwenzangu mmoja, mpenzi wa Duma kuliko mimi, ananijibu kwamba katika “Pembe 666” pembe imeelekezwa kwangu mimi msikilizaji. Mimi ndiye ninayeimbwa, ndiyo maana sihitaji kuambiwa jina. Ni hoja nzuri kuliko zote alizowahi kunipa. Nimemwambia sawa, basi nipewe na mimi ngoma yangu nisimame upande wa pili. Akaniambia ngoma yangu ni makala haya.